Mtama wa Yeremia

Katika mji ule, kumbikumbi waliopikwa kwa karanga hawauzwi. Anayewataka husaga mwenyewe mtama wa ugali wake, akiwa amepiga magoti, na punje atakazomwaga huziokota zote kabla ya kupakuliwa.

Yeremia, karani mstaafu, alikuwa amesafiri siku tatu pamoja na rafiki yake Nikodemo ili akionje chakula hicho, ambacho marehemu mama yake alikisifu maisha yake yote.

“Karani mzima unapiga magoti jikoni?” Nikodemo alimcheka. “Twende zetu tukale wali, bwana.”

Yeremia alivua koti, akapiga magoti. Jiwe la kusagia lilimponyoka, mtama ukatawanyika sakafuni.

“Ahsante, mgeni,” alisema Bi Felisia, mpishi mkongwe. “Kuku wangu walikuwa na njaa.”

Yeremia aliliokota jiwe. Alisaga mpaka unga ukalainika. Bi Felisia alipokuwa akisonga ugali, yeye aliokota punje moja moja, akitambaa hata nyuma ya mitungi, na Nikodemo akaacha kucheka. Punje ya mwisho aliiweka kiganjani mwa mpishi.

“Nawa, mwanetu,” alisema Bi Felisia, akafunua chungu. Mvuke wenye harufu ya karanga ukampanda Yeremia usoni, naye bado amepiga magoti, kichwa juu.