Kikopo Ndani ya Gunia la Mbegu

Tangawizi ya mbegu haiguswi na mtu mpaka msimu wa kupanda. Ndiyo maana Ernesta alizificha dawa zake za ARV ndani ya gunia la mbegu hiyo, tangu mumewe alipofariki. Sasa mama mkwe alikuwa amelishika uani, tayari kulimwaga mbele ya wenzao wote wa kikundi cha wakulima.

"Mbegu za wenzetu zimeozea shambani," alisema. "Tutagawana hizi."

"Mama, acha nimwage mimi!"

"Kaa, mwanangu. Nguvu bado ninazo."

Tangawizi ikamwagika juu ya turubai, vumbi jekundu likatimka. Kikopo cheupe kikachomoka, kikabingirika huku kikilia chakacha. Siku zote Ernesta alikijaza pamba ili kisilie. Asubuhi hiyo alikuwa amefungua kipya, pamba akaisahau.

Mama mkwe alikiokota. Akakitikisa karibu na sikio, taratibu. Mlio ule aliwahi kuusikia chumbani kwa mwanawe, yule ambaye kanisani watu waliambiwa kwamba kifua ndicho kilichomuua.

"Cha nani hicho?" jirani aliuliza.

"Changu," mama mkwe alijibu. "Dawa za presha."

Akakifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea kugawa mbegu bila kumtazama Ernesta.

Jioni, saa ya kumeza dawa ilipofika, fundo lilikuwa bado kiunoni mwa mama mkwe. Akampakulia Ernesta makande, akamsogezea na kikombe cha maji.

Ernesta alikikodolea macho kile kikombe. Mdomo wa kuomba dawa zake hakuwa nao.