Kifuniko chenye Tundu

Mtangazaji alikuwa akitafsiri habari za kesi ya uhalifu wa kivita kwa lugha ya kwao, zisomwe redioni mchana. Shahidi, aliyefichwa jina, alieleza jinsi risasi ilivyotoboa kifuniko cha sufuria alichokishika, ikampata mumewe.

Mtangazaji akaweka kalamu chini. Kifuniko chenye tundu anakijua. Ndicho kilichofunika chakula chao miaka yote, na mama yake huapa tundu lile ni la kutu. Majirani nao wanakijua, hukiazima na kukicheka.

Aliifuta sentensi ile, akasoma zilizobaki kama kawaida yake.

Jioni alimkuta mama jikoni, redio kaizima, sufuria i motoni.

"Nimekusikiliza, mwanangu," mama alisema bila kugeuka. "Mbona kifuniko umekiruka?"