Rangi ya Chini

Msasa ulipoimenya rangi nyeusi, bluu ikachungulia. Spoku, fundi aliyepachikwa jina hilo kwa kuwa mwembamba kama waya wa gurudumu, akapunguza kasi ya mkono.

Baiskeli kuukuu za mlimani zilikuwa ugonjwa wake, na hii aliletewa zawadi na mchumba wake asubuhi hiyo. Mchumba mwenyewe alikaa kando, akimtazama kwa furaha ya mtu aliyepatia.

Spoku akasugua tena, karibu na pedeli. Likatokea kovu la kuchomelea, limepinda kama kidole kilichovunjika. Fundi hasahau mkono wake. Alilichomelea yeye, akiwa bado anajifunza kazi, kwenye baiskeli ya bluu ya marehemu kaka yake. Kaka aliokotwa bondeni amekufa; baiskeli haikuonekana.

"Umeipenda, mpenzi?" mchumba akauliza.

"Umeipata wapi hii?" Spoku akauliza.

"Stoo kwa baba. Imefunikwa magunia miaka na miaka. Nilimwomba akakataa katakata, basi nikaichukua kimyakimya."

Baba huyo ndiye aliyebeba jeneza mbele siku ya mazishi. Tangu siku hiyo humwita Spoku "mwanangu."

Nje pikipiki ikazimwa. Hatua nzito zikasogea, mlango ukagongwa.

"Huyo ni baba," mchumba akanong'ona, akicheka kidogo. "Nimekamatwa. Hebu ifunike haraka."

Spoku akashika turubai, halafu akaliachia. Akaigeuza fremu mpaka kovu likaelekea mlangoni, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Mfungulie," akasema.