Bakuli la Chupa Mbili

Kwa miezi mitatu Mwanamkuu alijifunza kwa Bi Tunu kutwanga kioo hadi kiwe unga, kuukanda kwa maji ya gundi, kuushindilia ndani ya kalibu ya plasta na kuuchoma taratibu tanurini. Siku hiyo alileta chupa mbili walizoacha kaka zake wawili, kila mmoja yake, moja nyeupe, moja ya kijani. Kaka hao walifariki wakiwa hawasemezani.

"Nataka zitoe bakuli moja, Bi Tunu."

"Vioo hivi si vya asili moja, mwanangu. Havipoi sawasawa. Litapasuka."

"Najua. Nifundishe hivyo hivyo."

Bi Tunu akamsogezea kinu. Mwanamkuu alitwanga mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mara moja tu alisimama, akafuta machozi kwa mkono wa gauni, maana vidole vilikuwa vimejaa unga wa kioo.

Siku ya tatu, tanuri lilipopoa, walivunja kalibu. Bakuli lilitoka zima, ila ufa mwembamba kama unywele ulianzia ukingoni, pale kijani kilipokutana na cheupe.

"Liweke chini polepole," Bi Tunu alinong'ona.

Mwanamkuu hakuliweka. Alilishika kwa mikono miwili, akilisikia likilia ndani kwa ndani ufa ukirefuka, ta, ta.