Mdomo wa Bomba

Mwatumu alikuwa mtahiniwa pekee aliyebaki kwenye chumba cha mtihani wa kompyuta, na hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Programu yake ilipaswa kupitisha maneno ya amri moja kwenye bomba, yaani njia ya ndani ya kompyuta, hadi amri ya pili, kisha kuyamwaga kwenye faili. Amri ya kwanza ilimaliza kazi yake. Ya pili ikaganda, ikingoja tu, naye akakwama nayo tangu asubuhi.

“Mwanangu, muda umekwisha,” msimamizi alisema, mkono kwenye swichi ya umeme.

“Dakika moja, mwalimu!”

Ndipo alipoona: programu yake yenyewe, iliyoziita amri zote mbili, ilikuwa haijaufunga mdomo wake wa kuingizia maneno kwenye bomba, hivyo amri ya pili iliamini maneno mengine yanakuja. Akaongeza mstari wa kuufunga, akabonyeza kitufe cha kuiendesha. Faili ikajaa.

Msimamizi akavuta kiti. “Hebu rudia nione.”

Mwatumu akaifuta faili, akabonyeza kitufe tena; ikajaa upya.