Nyumbu Wamefungwa Tena

"Nyumbu wamefungwa tena," mume alisema mlangoni. Akavua viatu taratibu, akavipanga sambamba kando ya ukuta.

Ilikuwa mara ya kumi na tatu mfululizo. Mkewe, aliyekuwa ameshinda kutwa nzima akipiga pasi mashuka ya hoteli, hakuuliza wamefungwa kwa pointi ngapi. Alipakua chakula, akakiweka juu ya sanduku. Meza iliuzwa Nyumbu walipofungwa mara ya saba. Kitanda kiliondoka mara ya tisa. Mara ya kumi na moja walihama nyumba ya vyumba viwili, wakaja kubanana katika hiki kimoja, na binti yao akapelekwa kwa bibi yake. "Ni kwa muda tu," walimwambia. Mtoto hakulia. Aliuliza tu kama achukue madaftari yote au ya muhula huu peke yake.

Yote hayo kwa ajili ya timu ya mpira wa kikapu ambayo mama mtu hakuwahi kuiona ikicheza.

Jambo moja lilimfariji: mumewe hakuwa mtu wa kelele. Wenzake kule kwenye pasi walikuwa na waume wanaobashiri, nao mkeka ukichanika na fedha zikapotea, nyumba nzima haikaliki. Huyu wake, fundi friji mwenye mikono mitulivu, alikula akamaliza sahani, akanawa, akajinyoosha kwenye godoro. Hakutukana kocha, hakulaani mchezaji. "Mume wangu ana roho ngumu," aliwaambia wenzake, na kidogo alijivuna.

"Baba," alimwita siku ile, "kwa nini tusiachane na hawa Nyumbu?"

"Tuwaache leo, kesho washinde? Mji mzima utatucheka." Alikuwa akitazama dari. "Timu haifungwi milele, mke wangu. Hesabu yenyewe inakataa. Kila wakifungwa, siku yao ya kushinda inasogea. Sasa siku hiyo ikifika nami nimeweka vijisenti, itatufaa nini?"

Macho yake yakateremka kutoka darini, yakaenda pembeni, yakatua kwenye cherehani. Hakuitaja. Hakuwa na haja ya kuitaja.

Cherehani ile mke alinunuliwa na mama yake mzazi, nayo ndiyo iliyokuwa ikiwapa sabuni na mafuta ya taa. Siku za mapumziko alishonea majirani sare za shule, akarekebisha suruali zilizobana.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, aliibeba mwenyewe hadi kwa fundi nguo wa ng'ambo ya barabara. Yule fundi akaijaribu kwa kitambaa chakavu, sindano ikakimbia bila kukwama.

"Mbona inaimba vizuri hivi, dada? Una hakika?"

"Ichukue kabla sijabadili nia."

Akatoka na noti kwenye kiganja. Alipaswa kumpelekea mumewe karakanani. Badala yake miguu ilimpeleka kwenye duka la kubashiri, mahali ambapo aliwahi kuomba wafuatane, naye mumewe akamjibu kwamba pale si mahali pa mke wa mtu.

Njiani alijieleza moyoni. Labda mkono wa mumewe ndio ulioingia nuksi. Labda ukiweka mwingine, kibao kitageuka. Lakini ukweli ni kwamba hakuwa na matumaini yoyote. Alitaka iishe. Nyumbu wakishinda, basi, mumewe atarudi akute mambo yameshatengenezwa, na wiki ijayo wamfuate mtoto. Wakifungwa, hakutabaki kitu cha kuuza, na huko nako ni kupumzika.

Ndani kulikuwa na wanaume kumi hivi, shingo zimeinuliwa kuelekea televisheni. Hakuna aliyegeuka. Nyuma ya kioo alikaa karani, msichana wa rika la mdogo wake wa mwisho.

"Nataka Nyumbu," mama akasema. "Kesho washinde."

Karani akazitazama noti, kisha akautazama mkono wenye alama za kuungua pasi.

"Zote, shangazi?"

"Zote."

"Umeshawahi kubashiri?"

"Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Karani akachungulia kama bosi yuko karibu, kisha akaliegemea tundu la kioo. "Mimi kazi yangu kupokea, siruhusiwi kumshauri mtu. Lakini wewe nakuonea huruma. Usifanye hivyo. Nyumbu wachezaji wao wazuri waliondoka wote, na wa kuwarudisha hayupo. Wanaosubiri washinde ndio wanaotulipia pango la duka hili."

"Sasa nifanyeje?"

"Mfuate yule mgane."

"Mgane gani?"

"Kuna mteja wetu mmoja, mkewe alifariki, maskini, anaishi peke yake. Tangu Nyumbu waanze kuanguka, yeye kila mchezo anabashiri wafungwe. Kila mchezo! Hajakosa hata mara moja. Faida yake siku hizi ndogo, kwa sababu kila mtu anajua watafungwa, ndiyo maana anakuja na fedha nyingi nyingi. Mungu anajua anazitoa wapi. Mwezi ujao anahama mji, ameshapata nyumba huko." Karani akanyoosha kidole kuelekea ukutani, kwenye picha za washindi. "Yule pale, wa katikati."

Mama akageuka. Pichani, mumewe alikuwa akicheka kwa meno yote.