Mara ya Tatu

"Hii ndiyo inayovuta mwanga," alisema Bi Sikudhani, muuza bunduki, akimpa Mtunguja darubini ya kufunga juu ya mtutu. "Magharibi kama hii utahesabu hata masharubu ya nguruwe."

"Masharubu ya nini, Bi? Mimi nataka kuona uso."

Bi Sikudhani akaacha kutabasamu. Msimu uliopita, kiza kikiingia, Mtunguja alisikia kishindo kwenye mahindi. Aliita jina la mdogo wake, Chambi, mara mbili, kisha, asipoitikiwa, akafyatua; aliyeanguka ni Chambi. Porini kwao mtu haitikii mpaka aitwe mara tatu, kwa sababu mizimu huita mara mbili tu. Sasa nguruwe wamerudi, na mjane wa Chambi amemwomba yeye alinde shamba.

"Basi ijaribu, baba," alisema Bi Sikudhani, akafungua mlango.

Mtunguja aliielekeza darubini tupu, bila bunduki, kwenye mahindi ya ng'ambo ya barabara. Majani yakasogea karibu, moja moja. Katikati yake mtu alikuwa amesimama, amempa mgongo.

"Chambi," aliita. "Chambi."

Akaishia hapo. Bi Sikudhani akamshika kiwiko. "Malizia, baba."

Akaita tena, na yule mtu akaanza kugeuka.